Dirisha la Muhimbili: Miaka 15 ya Tiba ya Methadoni Dar es Salaam

Februari 2011, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kuwanywesha methadoni watu waliokuwa wakijidunga heroini katika mitaa ya Dar es Salaam. Mauritius ilikuwa imetangulia tangu 2006, lakini katika Afrika ya bara, kusini mwa Sahara, hakuna serikali iliyokuwa imethubutu kufungua kliniki ya umma ya namna hiyo. Kuthubutu ndilo neno lake. Nchi ilikuwa na sheria ya mwaka 1995 iliyomtazama mla unga kama mhalifu kwanza, mgonjwa baadaye. Sasa hospitali kubwa kuliko zote nchini ilikuwa inamwambia mtu huyohuyo: njoo kila siku, tutakupa bure dawa ya ukoo uleule wa afyuni, utainywa mbele yetu, kisha urudi nyumbani.

Kliniki hiyo imetimiza miaka 15. Watu wengi waliokunywa dozi zao za kwanza pale wako hai leo, na kwa wale wanaokumbuka hali ya mitaa ya Kinondoni na Temeke mwanzoni mwa miaka ya 2000, hilo peke yake ni habari.

Mahali penyewe palichaguliwa vizuri. Hospitali iliyoizaa Muhimbili ilijengwa mwishoni mwa karne ya 19 kwa fedha za Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara tajiri wa Bagamoyo, ili maskini wa mjini wawe na pa kulazwa. Jina lake bado limo katika wodi za Muhimbili, ingawa wengi wanaoelekezwa "panda Sewahaji" hawajui kwamba alikuwa mtu. Mwaka 1956 Waingereza walifungua Upanga hospitali mpya ya Princess Margaret, ambayo baada ya uhuru ikawa Muhimbili. Shule ya udaktari ilianza 1963, na kufikia 2007 ilikuwa chuo kikuu kamili cha afya, MUHAS. Hospitali na chuo vikiwa uwanja mmoja, wanaotibu na wanaochunguza hukutana kwenye korido zilezile. Bila ukaribu huo sidhani kliniki ya methadoni ingezaliwa.

Unga, yaani heroini, ulifika Dar es Salaam miaka ya 1980. Majahazi yaliyotoka pwani ya Makran, kule Iran na Pakistan, yalishuka kusini na mzigo wa heroini iliyokuwa ikielekea Ulaya, na kama ilivyo kwa kila bidhaa inayopita bandarini, sehemu yake ikabaki. Kwa miaka mingi iliyobaki ilikuwa ya kahawia, ya kuvuta: vijana waliichanganya na bangi au tumbaku kwenye msokoto, au waliichoma juu ya karatasi ya sigara na kuufuata moshi wake. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ikaingia nyeupe. Nyeupe huyeyuka upesi kwenye maji, na kinachoyeyuka kwenye maji huingia kwenye bomba la sindano. Kijana aliyekuwa akivuta kete tatu kwa siku aligundua kwamba akijidunga moja inamfikisha palepale. Kwa mtu asiye na hela, hiyo ilikuwa hesabu rahisi sana.

Walioishi na mraibu ndani ya nyumba wanajua arosto bila kuelezwa. Huanza kwa miayo na kamasi. Macho yanatoa machozi, malaika yanasimama, miguu inarusha mateke yenyewe kitandani. Kisha tumbo linakata, kuhara kunaanza, na mwili mzima unauma hadi kwenye mifupa. Heroini hudumu mwilini saa nne, pengine sita. Maana yake, mtu aliyezama hana siku, ana vipande vya saa chache chache, na kila kipande kinaisha kwa hofu ya arosto inayofuata. Ndiyo maana anaiba sufuria ya mama yake yenye wali ndani. Ile raha ya kwanza iliisha zamani. Anachokikimbilia sasa ni kuondoa maumivu.

Familia zilifanya zilichoweza. Kijana alifungiwa chumbani wiki nzima huku kaka zake wakilinda mlango, au alipelekwa kijijani kwa bibi, mbali na maskani. Wengine walipelekwa kwa shehe akasomewa, au kwa mchungaji akaombewa; wengine walilazwa kwenye wodi za akili na kupewa dawa za usingizi ili arosto ipite. Wapo walioacha kwa njia hizi, na si haki kuzicheka. Ila walio wengi walirudi kwenye unga ndani ya miezi michache, na kila aliporudi mtu, familia ilichoka zaidi. Mwishowe anabaki wa maskani tu, mali ya wenzake na ya polisi.

Watafiti waliwafuata hukohuko. Kutoka Muhimbili walikuwemo Profesa Gad Kilonzo, daktari wa akili, na Profesa Melkizedeck Leshabari; kutoka Texas walikuja Sheryl McCurdy na wenzake. Walikaa maskani na kwenye mageto, wakauliza maswali ambayo hakuna ofisa aliyekuwa ameyauliza: unanunua wapi sindano, unachangia na nani, nani anamdunga nani. Mwaka 2005 walieleza katika majarida ya kitabibu jambo lililowashtua wasomaji wa mbali. Baadhi ya wanawake waliokuwa wakifanya biashara ya ngono walikuwa wakisaidiana kwa damu. Aliyepata kete alijidunga, akavuta damu yake kwenye bomba mara baada ya heroini kuingia, kisha akampa mwenzake aliyekosa hela ajidunge damu hiyo, kwa imani kwamba ndani yake kumebaki unga wa kutosha kutuliza arosto. Hakuna njia fupi zaidi ya kumpa mtu VVU. Na bado kilichowasukuma kilikuwa huruma: sitakuacha ulale hivyo wakati mimi nimepata.

Tafiti za miaka hiyo zilikuta karibu wajidungaji 4 kati ya kila 10 jijini wana VVU, na kwa wanawake ilikuwa zaidi ya nusu, wakati kwa taifa zima kiwango cha watu wazima kilikuwa chini ya 6 kati ya 100. Takwimu hizo ndizo zilizofungua mlango. Nasema hivi bila furaha kubwa. Mla unga alikuwa akiteseka kwa miaka 20 na nchi haikujenga kliniki kwa ajili yake. Ilijenga pale ilipoonekana kwamba ugonjwa wake unaweza kuvuka ukuta na kuingia kwenye nyumba za wengine. Mlango uliofunguliwa kwa sababu hiyo ulibaki mlango, na watu wakaupita.

Methadoni yenyewe ni dawa ya zamani. Wakemia wa Ujerumani waliitengeneza mwishoni mwa miaka ya 1930 wakitafuta dawa ya maumivu. Mwaka 1964, huko New York, Vincent Dole, bingwa wa magonjwa ya umetaboli, na Marie Nyswander, daktari wa akili aliyekuwa amechoka kuona wagonjwa wake wa heroini wakirudi palepale, walianza kuwapa watu wachache dozi kubwa ya methadoni kila siku. Walichokiona kiliwashangaza: wagonjwa waliacha kuzungumzia unga, wakaanza kuzungumzia shule na kazi. Siri ni muda. Methadoni hukalia vipokezi vilevile vya ubongo ambavyo heroini huvikalia, ila huingia polepole, haileweshi mtu aliyezoea dozi yake, na hukaa siku nzima na zaidi. Mtu anakunywa asubuhi, na arosto haimfikii mpaka kesho. Akijidunga heroini juu yake haisikii kama zamani, maana kiti kimeshakaliwa. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani liliingiza methadoni katika orodha ya dawa muhimu.

Kuifikisha Upanga kulihitaji watu wengi kukaa meza moja: Wizara ya Afya, Tume ya Kuratibu Udhibiti wa Dawa za Kulevya, MUHAS, na kutoka Marekani kituo cha CDC pamoja na taasisi ya Pangaea, kwa fedha za PEPFAR, mpango wa UKIMWI wa serikali ya Marekani. Marekani nayo ilikuwa imebadili msimamo. Mwongozo wa PEPFAR wa Julai 2010 ulitamka wazi kwamba fedha zake za UKIMWI zinaweza kutumika kwa tiba ya wajidungaji. Douglas Bruce wa Chuo Kikuu cha Yale alileta uzoefu wa kuunganisha methadoni na tiba ya VVU. Lakini mtu ambaye jina lake limeshikamana na kliniki hii ni Jessie Mbwambo, daktari wa akili wa Muhimbili, aliyeiongoza tangu ilipokuwa makaratasi. Kumwambia waziri, au mkuu wa polisi, kwamba dawa ya kulevya itatibiwa kwa dawa inayofanana nayo ni kazi inayotaka mtu mwenye heshima yake, uvumilivu, na ngozi ngumu.

Mtu hakuwa akijiendea tu pale. Alianzia mtaani, kwa waelimishaji rika na asasi zilizokuwa zikizunguka maskani. Huko Temeke shirika la Ufaransa Médecins du Monde lilikuwa likigawa sindano safi na kujenga urafiki na watu ambao hawakumwamini yeyote. Asasi ilimwandaa mtu kwa vikao kadhaa, ikamsindikiza hadi kliniki. Hapo alichunguzwa: alama za sindano mikononi, mkojo, historia yake, VVU, kifua kikuu. Mwanzoni waliopokelewa walikuwa wajidungaji. Wavutaji walisubiri, na uamuzi huo ulilaumiwa kwa haki, kwa kuwa ulimtaka mtu afikie sindano kwanza ndipo aokolewe. Sababu yake ilikuwa ileile ya mwanzo. Fedha zilikuwa za UKIMWI.

Kisha linakuja dirisha, ambalo ndilo kliniki yenyewe. Mteja anasogea, anajitambulisha, anatafutwa kwenye daftari. Aliye nyuma ya dirisha anamtazama usoni: amelewa? anasinzia? jana alikuja? Aliyekosa siku kadhaa hapewi dozi yake ya zamani, kwa sababu mwili umeshasahau na dozi hiyo inaweza kumzimisha pumzi. Anarudishwa chini, anapandishwa tena taratibu. Akiwa sawa, dawa ya maji inapimwa kwa miligramu zake, inamiminwa kwenye kikombe kidogo cha plastiki. Anakunywa palepale, anashushia na maji, kisha lazima aseme neno. Salamu, jina lake, chochote. Mdomo unaozungumza haujaficha dawa shavuni kwenda kuiuza.

Dakika mbili, na amemaliza. Kesho tena. Jumapili, Idi, Krismasi, mvua za masika daraja la Jangwani likiwa limefungwa: kesho tena. Madaktari wanaanzia dozi ndogo na kupandisha kwa siku kadhaa kadhaa, kwa sababu wiki mbili za kwanza ndizo hatari kuliko zote, na wengi hawatulii kabisa mpaka wavuke miligramu 60.

Baada ya dozi kuna benchi, na pembeni ya benchi kuna mshauri nasaha, ofisa ustawi wa jamii, muuguzi. Mambo mengi yanayoitwa matibabu yanatokea hapo. Mtu anaanza kujua siku ni ya ngapi. Anaoga. Anatafutiwa namba ya dada yake aliyeacha kupokea simu zake. Kuna anayelia kwa sababu dawa imemrudishia hisia alizozizima miaka kumi, na ya kwanza kati ya hizo ni aibu. Washauri wa kliniki za namna hii watakwambia kwamba mwezi wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza: maumivu ya mwili yameondoka, mtu ameanza kuona alichokifanya.

Nafikiri hapa ndipo Muhimbili ilipobadili jambo ambalo hata sheria haikulibadili. Kabla yake, kila mtu alimuuliza mraibu swali moja: umeacha? Na jibu lilikuwa ndiyo au hapana, shujaa au teja. Dirishani swali likawa: leo umekuja? Hata kipimo cha mafanikio kilikuwa hicho, mtu kubaki kwenye tiba. Aliyeteleza Jumamosi akajidunga, Jumatatu bado ana nafasi yake, mkojo wake ukionyesha unga dozi inatazamwa upya, mazungumzo yanaendelea. Matumaini ya aina hii hayana shangwe. Hayampi mtu cheti wala sherehe ya kuhitimu, na yanaweza kuchukua miaka mingi, pengine maisha. Lakini yanabebeka, maana anayeyabeba hadaiwi zaidi ya asubuhi moja.

Ndani ya miaka miwili ya kwanza waliandikishwa zaidi ya watu 600. Waliofuatiliwa walionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja zaidi kidogo ya nusu walikuwa bado wanakuja. Mtu anaweza kuiona nusu iliyoondoka. Anayeujua unga ataiona nusu iliyobaki. Waliopewa dozi kubwa ya kutosha walibaki zaidi kuliko waliopewa ndogo, somo ambalo Dole na Nyswander walikuwa wamelitoa miaka 50 kabla, na ambalo kila nchi inalazimika kujifunza upya kwa sababu kila nchi huanza na woga wa dozi. Waliowahi kufanyiwa ukatili wa kingono walikuwa wepesi zaidi wa kupotea. Hilo lilikuwa onyo kwamba kikombe peke yake hakifiki kila kidonda.

Kilichoifundisha kliniki zaidi ya yote, kwa maoni yangu, kilikuwa kifua kikuu. Mwishoni mwa 2011 wateja 150 walichunguzwa, na karibu 4 kati ya kila 100 walikutwa wana ugonjwa huo hai, kiwango cha juu mno ukilinganisha na mitaa ya kawaida. Haikushangaza: geto ni chumba kidogo kisicho na dirisha, watu kumi wanakohoa humo usiku kucha. Wakaanzishiwa dawa, na miongoni mwake rifampisini. Rifampisini ina tabia moja: huliamsha ini lifanye kazi kwa kasi, na ini lenye kasi huisaga methadoni kabla siku haijaisha. Mgonjwa aliyetulia miezi kadhaa anarudi dirishani akitetemeka, kamasi zinamtoka, anasema dozi haimfikii tena. Kwa mhudumu asiyejua, huyo ni teja anayetaka kuongezewa. Kwa mgonjwa, machaguo ni mawili: aache dawa za kifua kikuu, au arudi kwenye sindano. Nevirapini na efavirenzi, ARV zilizotumika sana miaka hiyo, zilikuwa na tabia kama hiyo.

Jibu lilikuwa kumwamini mgonjwa na kulifahamu ini lake. Dozi ya methadoni ikawa inapandishwa pamoja na dawa hizo, na dawa zenyewe zikaletwa dirishani. Mtu anayekuja kila siku kwa methadoni anaweza kumeza vidonge vya kifua kikuu palepale, na baadaye ARV pia, badala ya kutumwa kliniki tatu zenye foleni tatu na wahudumu watatu wa kumkunjia uso. Makala zilizoandikwa kuhusu mpango huu zilisomwa mbali na Upanga. Nchi tajiri zenye methadoni tangu miaka ya 1960 zilikuwa bado zinahangaika kuunganisha huduma hizo.

Kliniki ya pili ilifunguliwa Mwananyamala 2012, kisha Temeke. Zanzibar ilifungua Kidongo Chekundu 2015. Kenya ilianza Desemba 2014 katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, na mwaka uliofuata Malindi na Kisauni. Uganda ilifuata 2020 huko Butabika. Tanzania Bara ikaendelea: Mbeya, Mwanza, Dodoma, Tanga, Arusha, Bagamoyo, Tumbi. Leo wanaokunywa dozi nchini wamevuka 10,000. Sheria mpya ya 2015 ilizaa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, na misako ya 2017 ilipoufanya unga kuwa adimu mitaani, foleni za kliniki zilirefuka. Wengi walikuja wamefukuzwa na arosto, wakabaki kwa sababu nyingine. Mkono mmoja wa dola ulikuwa ukikamata, mwingine ukipokea, na mara nyingine ilikuwa inamgombania mtu yuleyule.

Si wote waliokubali. Unguja, tangu 2009, waraibu waliopata nafuu walikuwa wamefungua nyumba zao za upataji nafuu, zile ambazo kila mtu anaziita soba. Moja iliitwa Detroit, kwa heshima ya wenzao wa mji huo wa Marekani. Humo mtu anakaa miezi kadhaa bila dawa ya aina yoyote, akifuata hatua 12 zilizoanzia kwa walevi wa Marekani katika miaka ya 1930, akiongozwa na watu waliopita alipopita yeye. Anaamka, anadeki, anapika, anakaa kikaoni na kusema yake. Kwa wengi wa soba, methadoni ilikuwa kubadilisha unga wa mtaani kwa unga wa serikali. Nimesikia hoja hiyo ikitolewa kwa ukali na watu ninaowaheshimu, na wana haki ya kusema, maana wao waliacha kabisa na wanajua inawezekana.

Bado nadhani wamekosea wanapoifanya njia yao kuwa kipimo cha wengine. Mtu akitoka soba baada ya miezi minne, mwili wake umesahau unga lakini mtaa haujamsahau. Akiteleza siku moja na kujidunga kipimo chake cha zamani, anaweza kufa usiku huohuo. Aliye kwenye methadoni mwili wake haujasahau, na hiyo ni kinga. Upande wa pili, kliniki haina kile ambacho soba inacho kwa wingi: mahali pa kulala, wenzako usiku wa manane, na mtu wa kukuita ndugu. Miaka imepunguza ugomvi. Wapo waliopita soba mara tatu ndipo wakatulia kwa methadoni, na wapo waliopunguza methadoni hadi sifuri wakahamia kwenye vikao vya hatua 12.

Waliokosekana tangu mwanzo ni wanawake. Miaka ya kwanza walikuwa chini ya mmoja kati ya kila wateja 10, ingawa mtaani walikuwa wengi zaidi ya hapo na ndio waliobeba VVU kuliko wanaume. Mwanamke mla unga amefichwa. Yuko chumbani kwa mwanamume anayemletea kete na asiyependa aende Upanga peke yake. Ana mtoto mgongoni. Anaogopa kwamba akionekana kwenye foleni ile, ustawi watamchukua mtoto. Foleni yenyewe ni ya wanaume watupu, wengine wakiwa wanamfahamu kutoka maskani kwa namna ambayo hataki kukumbushwa. Na ilionekana mapema kabisa kwamba waliofanikiwa kufika walibaki kwenye tiba kuliko wanaume. Kwa hiyo tatizo halikuwa nia yao. Siku maalumu za wanawake, kina mama waelimishaji, na sehemu ya kumwachia mtoto ni vitu vya bei ndogo ambavyo vilichelewa mno.

Kisha nauli. Dozi ni bure, lakini Upanga haiko jirani na Mbagala wala Gongo la Mboto. Daladala mbili kwenda na mbili kurudi, kila siku ya Mungu, kwa mtu asiye na kazi. Wapo waliotembea. Wapo waliorudi kwenye wizi mdogo ili wapate nauli ya kwenda kutibiwa kilichowafanya wawe wezi. Ramadhani nayo huleta swali lake kila mwaka, kwa kuwa anayekunywa dozi mchana amefungua. Mashehe wengi huona mgonjwa ana ruhusa yake, lakini kijana aliyetoka kujipatanisha na baba yake anatamani kufunga kama wengine nyumbani.

Na mchana. Hili halipo kwenye takwimu. Unga ni kazi ya kutwa: kusaka hela, kumsaka muuzaji, kusaka pa kujidungia, kukwepa. Mtu aliyekunywa dozi saa mbili asubuhi ana saa 14 mbele yake ambazo hajawahi kuzijaza kwa kitu kingine tangu ana miaka 17. Wengi huzijaza kwa kukaa nje ya uzio wa hospitali na wateja wenzao, na wauza unga wanajua pa kuwafuata. Mafunzo ya ufundi yamejaribiwa, vikundi vya mikopo vimejaribiwa. Kinachokwamisha mara nyingi ni kitu kidogo tu: mwajiri anataka watu saa moja asubuhi, na dirisha linafunguliwa saa hiyohiyo.

Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, kila huduma iliyojengwa juu ya fedha za PEPFAR ilitikiswa, na walioathirika upesi walikuwa waelimishaji wa mtaani, wale wanaomtoa mtu geto na kumsindikiza. Kwa kliniki iliyozaliwa na fedha za UKIMWI za nchi nyingine, somo lilikuwa dhahiri. Bajeti ya taifa inapaswa kuubeba uraibu kama ugonjwa wenye haki yake, kama inavyobeba kisukari na shinikizo la damu, ambavyo pia haviponi na ambavyo hakuna anayemuuliza mgonjwa ataacha lini dawa zake.

Dozi za kubeba nyumbani ndizo zitakazoamua jinsi miaka 15 ijayo itakavyokuwa. Mtu aliyekuja bila kukosa kwa miaka minane, ana mke, ana pikipiki ya mkataba, mkojo wake safi, apewe chupa za wiki nzima akaziweke kabatini au aendelee kusema "asante" kila asubuhi ili kuonyesha mdomo mtupu? Wanaopinga wanataja hatari za kweli: chupa inaweza kuuzwa, mtoto anaweza kuinywa na kufa. Makabati yenye kufuli yapo, chupa zenye kizibo kisichofunguliwa na mtoto zipo, na orodha ya wateja wa muda mrefu ipo kwenye madaftari ya Muhimbili tangu 2011. Watangulizwe hao.